Tarantula wa kwanza: usianze na yule wa Usambara

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba nimenunua buibui, alifurahi sana. Alidhani nimeanza kujistiri.

Hapa Uingereza tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, huuzwa kwenye maonyesho ya wafugaji, na mara nyingi utamkuta wa kwetu mezani: mwenye rangi ya chungwa, ndani ya kikopo cha plastiki, kimeandikwa Pterinochilus murinus, "Usambara". Siku ya kwanza nilimtaka kwa ajili ya hilo jina tu. Muuzaji akaniuliza nimeshafuga wangapi. Sijafuga hata mmoja, nikamjibu. Akakirudisha kikopo chini ya meza.

Hatua ya 1: Tazama bara kabla ya rangi

Tarantula wa Afrika na Asia kinga yao ni mbio na meno, na wakiuma unaumwa kwelikweli, misuli inakakamaa. Wengi wa Amerika wana vinyweleo juu ya tumbo. Wakikereka huvipangusa kwa miguu ya nyuma vikakurukia. Fikiria upupu. Ngozi itawasha tu, ila macho yalinde. Kwa anayeanza, afadhali upupu.

Chagua kati ya hawa: Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, mwenye manyoya ya kujikunja, Brachypelma hamorii wa Mexico, mwenye magoti mekundu, au Grammostola pulchra, mweusi tii. Wote ni wapole kiasi na hukaa chini, hawapandi juu sana. Mimi ningeanza na wa kwanza: bei yake nafuu na hadeki kwenye chakula.

Hatua ya 2: Umri na jinsia

Vitoto ni rahisi kununua, lakini kimoja ni kama punje ya dengu na hukauka upesi ukisahau maji. Tafuta aliyefikia sentimita 4 au 5, miguu ikiwa imenyooshwa.

Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Dume akishapevuka, mara nyingi hubakiwa na mwaka mmoja au miwili tu. Mimi niliuziwa "jike". Alipojivua gamba miezi michache baadaye akatoka na vijindoano kwenye miguu ya mbele, na vile vijimkono vya mdomoni vimevimba nchani kama glavu za bondia. Dume huyo, tena mzee. Tangu hapo sikubali neno la muuzaji mpaka anionyeshe gamba alilovua, maana alama ya jike huonekana ndani yake.

Hatua ya 3: Nyumba kwanza, mgeni baadaye

Boksi lenye matundu ya hewa, vumbi la makumbi ya nazi, kipande cha gome la kujifichia, kisahani cha maji. Taa haihitajiki. Jaza vumbi la kutosha ili asiwe na pa kupanda juu, kwa sababu akianguka tumbo huweza kupasuka.

Hatua ya 4: Mezani kwa muuzaji

Uliza: amezaliwa kwa mfugaji au amekamatwa porini? Huyo wa magoti mekundu yumo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kumvusha mipaka kunahitaji kibali. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Kisha inama umtazame. Tumbo liwe la mviringo, lisiwe limesinyaa kama zabibu kavu. Miguu iwe imetandazwa; ikiwa imekunjwa chini ya kifua kama ngumi, anakufa. Mguu mmoja kukosekana si neno, huota tena akijivua.

Hatua ya 5: Nyumbani

Weka kikopo ndani ya boksi, kifungue, msukume polepole kwa brashi laini ya rangi. Mwache kama wiki moja, ndipo umpe nyenje mmoja asiyezidi tumbo lake.

Siku moja utamkuta amelala chali, miguu juu. Mtoe nyenje aliyebaki, yeye buibui usimguse. Wangu alipofanya hivyo nilishatafuta kiboksi cha kiberiti cha kumzikia. Niliporudi jioni walikuwa wawili: yeye, na gamba lake pembeni.