Kuchaji betri ya klaki bila kuumia: tunavyofanya kwenye depo yetu Lubumbashi

Hapa Lubumbashi forklifti tunaiita klaki. Vijana wengi wanaokabidhiwa ya umeme walizoea ya mazutu (dizeli): jaza tangi, endesha. Ninayoeleza hapa ni ya betri za asidi, zile za volti 48 zenye seli 24, ambazo mara nyingi huzidi tani moja. Za lithiamu zina masharti yake, usizichanganye.

Kinachoniogopesha zaidi ni gesi. Betri ikikaribia kujaa, maji yaliyomo huvunjika, hidrojeni ikatoka. Haina rangi wala harufu, hupanda na kujikusanya chini ya paa. Ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja yatosha.

Hatua ya 1: Fungua hewa
Matundu ya juu, karibu na paa, yawe wazi muda wote wa kuchaji. Kiangazi ndipo kwenye shida. Juni na Julai baridi ya usiku huku kwetu inauma, watu wanaziba kila upenyo. Alfajiri moja nilikuta mbabula (jiko la makaa) ya mzee wa zamu hatua mbili kutoka kwenye betri iliyokuwa inachemka.

"Papa, hapa moto hauruhusiwi."

"Mwanangu, huu si moto. Ni makala tu."

Sikubishana naye. Tulimjengea kibanda upande wa geti, na mbabula ikahamia huko. Sigara na kuchomelea vyuma pia, mbali.

Hatua ya 2: Jiandae mwenyewe
Vua pete, saa na mkufu. Chuma kikigusa nguzo mbili za betri kwa pamoja, hupata moto mara moja, na pete iliyo kidoleni huwezi kuitupa. Vaa miwani ya kinga, glavu za mpira na aproni. Tone la asidi kwenye suruali ya pamba huwezi kuliona siku hiyo. Suruali ikifuliwa Jumamosi, Jumatatu unaivaa ina matundu kama kichungi.

Hatua ya 3: Andaa klaki
Shusha uma hadi chini, vuta breki ya mkono, zima, toa ufunguo. Fungua kifuniko cha sehemu ya betri ukiache wazi. Vizibo vya seli vibaki vimefungwa. Futa juu ya betri kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi letu jekundu likilowa asidi hupitisha umeme, betri ikajimaliza yenyewe ikiwa imesimama.

Hatua ya 4: Mpangilio wa plagi
Kuanza: chaja ikiwa imezimwa, chomeka, ndipo uwashe. Kumaliza: zima, ndipo uchomoe. Ukichomoa chaja ikiwa inafanya kazi, cheche inaruka pale pale gesi ilipo nyingi, maana mwisho wa kuchaji ndio wakati inapotoka zaidi.

Mtego mkubwa ni delestaji, yaani mgao wa umeme. Umeme unakatika saa nane usiku, kijana anaona taa zimezimika, anachomoa plagi akaendelee na kazi. Swichi ameiacha imewashwa. Umeme ukirudi, anayekuja kuchomeka betri nyingine anaunganisha kwenye chaja iliyo hai. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Mlio wake ulikuwa kama fataki, na ncha ya plagi iliyeyuka. Tangu hapo sheria yetu ni moja: giza likiingia, swichi inazimwa kabla ya kitu kingine chochote, na umeme ukirudi tunangoja dakika kadhaa utulie.

Hatua ya 5: Maji
Ongeza baada ya kuchaji. Asidi hupanda wakati wa kuchaji, ukijaza mapema itafurika. Ila ukiona sahani za madini ya risasi ndani ya seli zimekauka, ongeza kidogo ya kuzifunika tu, kisha chaji. Tumia maji yaliyotoneshwa (yaliyoondolewa madini kwa kuchemshwa na kukusanya mvuke), si ya bomba, na usiongeze asidi.

Asidi ikimwagika
Sakafuni, nyunyiza bikabonati ya soda mpaka povu liishe, kisha suuza. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kukatiza, ndipo hospitali. Kwa kuwa bomba nalo hukauka, tuna tangi dogo lenye koki kando ya mlango wa chumba cha kuchajia. Tunabadilisha maji yake kila Jumatatu, na aliyeoshea buti zake humo wiki iliyopita anajijua.