Namna ya kuandika maisha ya mchezaji aliyekuja kuwa kiongozi

Kijiweni kwetu Ngamiani, penye kahawa chungu na kashata, kijana mmoja alibisha mpaka jasho likamtoka kwamba Bernabéu ni jina la mtaa wa Madrid. Nikamwambia, baba, huyo alikuwa mtu. Alivaa njumu, akacheza mbele, akazeeka, akawa rais wa klabu ya Real Madrid. Hakuniamini hadi alipotazama kwenye simu yake.

Siku hizo nilikuwa nimekwama na maisha ya mjomba wangu, aliyecheza winga ya kulia katika timu moja ya hapa Tanga (ipi sisemi, nina majirani pande zote mbili) na baadaye akawa mweka hazina wake. Nikamchukua Santiago Bernabéu nikamfanya kama shati la mtu mwingine ambalo fundi cherehani hulifumua ili ajue mkono unakaa wapi. Ukitaka kuandika habari za babu yako aliyepita njia hiyo, kaa hapa nikuoneshe mishono.

Chukua karatasi, uandike kwanza miaka ambayo hakuna anayeibishia. Kwa Bernabéu haina kazi: alizaliwa Almansa mwaka 1895, alikuwemo katika kikosi kilichotwaa Kombe la Mfalme la Hispania 1917, aliacha kucheza 1927, akashika urais wa Real Madrid 1943, akafariki tarehe 2 Juni 1978, siku moja baada ya Kombe la Dunia kuanza kule Argentina. Ofisini hakutoka hadi kifo.

Kwa mzee wa Tanga hutapata hayo. Ukiwauliza wenzake, "Ilikuwa mwaka gani?" watakutajia mwaka wowote ili wakupendeze. Uliza kwa kumbukumbu ya mji: "Alikuwa bado anacheza mashamba ya mkonge yalipotaifishwa?" Hapo umeshashika 1967. "Vijana walipokwenda vita vya Kagera, nani alikuwa anashika pesa za klabu?" Hiyo ni 1978 au 1979. "Coastal Union walipochukua ubingwa wa nchi, yeye alikaa wapi uwanjani?" Hiyo ni 1988, na hapa mjini hakuna mtu wa rika lile asiyejua alikaa wapi siku zile. Majibu yote yapachike pembeni mwa karatasi yako, kisha nenda maktaba ukapekue magazeti ya zamani kama *Uhuru* na *Ngurumo*. Usianze na magazeti. Utapekua wiki nzima hujui unatafuta nini.

Halafu waulize wanawake. Hili nimelilipia kwa aibu. Kwenye hitima ya arobaini nilisimama kusoma wasifu wa mjomba, nikasema kwamba alitundika daluga mwaka 1970, kama walivyonihakikishia wachezaji wenzake watatu. Sauti ya mkaza mjomba ikatoka nyuma ya pazia: "Sabini? Sabini na mbili nilijifungua peke yangu, yeye yuko Moshi na mpira." Watu walicheka hadi shehe akainamisha kichwa. Wanaume hukumbuka mabao, wake zao hukumbuka nani hakuwepo nyumbani, na kwa kazi hii habari ya pili ina uzito zaidi.

Sasa sehemu ngumu, ambayo wengi huiruka: katikati. Mwandishi mvivu humtoa mtu wake golini na kumkalisha kitini kwa sentensi moja. Tazama Bernabéu. Kati ya 1927 na 1943 kuna miaka 16. Alibaki klabuni akisaidia katika uongozi na kwenye benchi la timu. Alikuwa amesomea sheria, kwa hiyo karatasi hazikumtisha. Vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, 1936 hadi 1939, naye alikuwa upande wa Franco, jenerali aliyeshinda na kuitawala nchi. Liandike hilo wazi, hata kama unaipenda Real Madrid kama ninavyoipenda mimi. Vita vilipokwisha Chamartín, uwanja wa zamani wa klabu, ulikuwa umeharibika na wachezaji wametawanyika. Kisha 1943 Real Madrid ikaifunga Barcelona 11–1 katika nusu fainali ya kombe, mechi iliyozua fujo kiasi kwamba marais wa klabu zote mbili waliachia ngazi. Kiti alichokikalia Bernabéu kiliachwa wazi na ugomvi.

Nilipoona hivyo nikarudi kwa mjomba, nikauliza: alipoacha winga, kabla ya kupewa hazina, alikuwa nani? Alikuwa karani wa reli. Huko ndiko alikojifunza kuandika mapato kushoto na matumizi kulia. Nyumbani kwake ndiko jezi zilikofuliwa, bila malipo, na waliozifua ni mkaza mjomba na binti zake. Kumbe nusu ya uongozi wake ilifanyika kwenye beseni.

Makombe yapite haraka. Mshambuliaji Di Stéfano alifika 1953, Kombe la Ulaya likachukuliwa mara tano mfululizo kuanzia 1956 hadi 1960. Msomaji wako anayajua hayo kuliko wewe. Kaa kwenye pesa. Uwanja mpya wa Madrid ulijengwa kwa hati za mkopo zilizouzwa kwa wanachama na wapenzi wa timu, katika nchi iliyokuwa bado inauguza vita. Ukafunguliwa Desemba 1947 kwa mechi na Belenenses ya Ureno, wenyeji wakashinda 3–1. Jina lake ulipewa 1955, naye yu hai. Mtu anayewashawishi wenye njaa wanunue karatasi ili kijengwe kitu ambacho bado hakipo, huyo ndiye wa kuandikwa.

Kwa hiyo tafuta daftari. La mjomba lilikuwa chini ya mtungi, limeliwa na mende pembeni. Viingilio, nauli ya lori, ndimu dazeni mbili, glukosi, chai ya waamuzi. Na kila kabla ya mechi kubwa, mstari mmoja kwa mwandiko uleule mzuri wa karani: "Ufundi."

Asiyejua mpira wa kwetu atadhani ni fundi wa nyavu. Sivyo. Ni mganga wa kutoka milimani, anakuja usiku, anaondoka kabla ya alfajiri, na hatoi risiti. Kaka zangu walitaka niufute mstari huo, wakisema utamvunjia heshima marehemu. Mimi nilisita siku mbili. Ukifika hapo, usiamue peke yako na usiwaachie wenye sauti kubwa: msomee rasimu yote, kwa sauti, mtu aliyeishi na huyo unayemwandika.

Nikaenda Makorora, nikamwamkia mkaza mjomba, nikasoma tangu mwanzo. Alisikiliza huku anachambua mchele. Nilipofika kwenye "ufundi" nikanyamaza, nikamuuliza kama niutoe.

"Uache," akasema. "Na andika ilikuwa shilingi ngapi. Mimi aliniambia ni nauli."