Mpira wa bolingi: shika msasa kabla ya kununua mwingine

Mpira ukikataa kukata kona, wengi hukimbilia kununua mwingine. Anza na ngozi ya mpira kwanza, yaani uso wake wa nje, maana ndiyo inayogusa mafuta yanayopakwa kwenye njia mpira unapobingirika kuelekea pini.

Njia yenye mafuta mengi inataka mpira uliokwaruzwa: msasa namba 500 hadi 1000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Mafuta ya wastani, 2000. Njia kavu, nenda 4000 au upake polishi, la sivyo mpira utashika mapema, uishiwe nguvu na kufika kwenye pini umelegea. Kwa anayetumia mkono wa kulia, dalili yake ni pini ya 10, ile ya pembeni kabisa kulia nyuma, kubaki imesimama hata pale mpira ulipoingia mahali pake, kati ya pini ya 1 na ya 3. Ukiona mpira unateleza moja kwa moja na kupiga pembeni, tatizo ni kinyume: umeng'aa mno.

Lowesha msasa, sugua pande zote za mpira kwa muda ule ule na kwa mkono usiokandamiza. Upande mmoja ukizidi, mpira hautabiriki. Kisha futa mafuta kwa kitambaa kila baada ya kutupa; watu hupuuza hili, na mafuta hunywewa na ngozi.

Mpira ugeukie wapi? Chukua urefu wa mafuta kwa futi, toa 31. Jibu ni namba ya ubao, yaani kipande chembamba cha sakafu ya njia: mafuta ya futi 42 yanakupa ubao wa 11 kutoka mfereji wa upande wako. Anzia hapo, urekebishe ubao mmoja mmoja.

Kwenye mashindano, piga msasa kabla hayajaanza. Yakishaanza, kanuni za Marekani zinakataza.