Umepandikizwa figo na unataka jino la skrubu? Soma hapa kabla hujalipa

Jamani, kaka yangu alipandikizwa figo, na lile pengo la mbele linamnyima raha kweli, akicheka anaziba mdomo na kiganja, na hapa Ngamiani, Tanga, kila mtu anamwambia kaweke jino la skrubu, yaani skrubu inafungwa kwenye mfupa wa taya halafu jino bandia linakaa juu yake. Inawezekana kabisa, waliopandikizwa figo wanawekewa na linashika, ila sio jambo la kukurupukia.

Miezi 6 ya mwanzo usiguse, dawa za kushusha kinga zinakuwa nyingi, acha figo itulie kwanza. Halafu daktari wa figo ndo anaanza, wa meno baadae, hata kama yuko Muhimbili na wewe uko Tanga mpigie, waongee wenyewe kwa wenyewe. Daktari wa figo acheki kriatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi), chembe nyeupe za damu na sukari, maana prednisoloni na takrolimasi, dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, zinaweza kupandisha sukari na ikiwa juu kidonda kinachelewa kufunga. Kipimo cha takrolimasi damu inatolewa asubuhi kabla hujameza dozi, watu wengi wanameza ndo wanaenda, majibu yanakuja ya uongo. Na kama umewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa, vidonge au sindano, sema, taya linaweza kugoma kupona.

Sasa dawa za duka, hapa ndo pananitia hofu zaidi. Kaka alipong'olewa mzizi alirudi na kifuko cha kaki, nafungua nakuta diklofenaki! Nilimnyang'anya mkononi. Diklofenaki na brufeni, dawa za maumivu, zinaiumiza figo, na ukiwa kwenye takrolimasi ndo mbaya zaidi, maumivu omba parasetamo. Erithromaisini na klarithromaisini (antibayotiki) na flukonazo (dawa ya fangasi) zinapandisha takrolimasi kwenye damu mpaka inaweza kuwa sumu. Balungi hivyo hivyo, chungwa la Muheza kula tu.

Kuna wanaokushauri uache vidonge siku mbili ili kinga ipande kidonda kipone, usithubutu, mwili unaweza kuikataa figo.

Fizi zisafishwe kabla, hasa kama unatumia siklosporini, dawa nyingine ya kushusha kinga, inaweza kuzivimbisha mpaka zinapanda juu ya meno. Sigara na tambuu acha.

Ukishawekewa, skrubu inangoja miezi 3 hadi 6 ishikane na mfupa ndo jino lenyewe lifuate, na hapo katikati nunua kipimajoto, ila usikitegemee peke yake, kwa sababu prednisoloni inaweza kuficha homa, kwa hiyo hata uvimbe mdogo usio na joto piga simu siku hiyo hiyo. Kaka majina ya dawa zake ameyaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadi ya kliniki, mtu wa duka anaisoma kwanza kabla hajafungua droo.