Kumpokea Mbwa Mdogo Aliyeokolewa Katika Nyumba Yenye Mbwa Mkubwa

Mbwa mdogo anayeokotwa mtaroni Mabatini, hapa Mwanza, baada ya mvua, au anayekutwa akizubaa bila mwenyewe kando ya vichanja vya dagaa huko Kirumba, mara nyingi hana hata kilo 3, ilhali mbwa wa ulinzi katika nyumba za Buhongwa au Nyegezi huweza kufikisha kilo 25 na kuendelea. Anayekubali kumhifadhi mdogo huyo mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja anapaswa kuanzia kwenye uzito huo, si kwenye tabia. Mbwa mkubwa anaweza kuwa mpole kwa watoto na kwa kuku wa uani, na bado akamvunja mgeni mbavu kwa kumkanyaga tu wakati wa kucheza. Kwa hiyo kila ninachoeleza hapa kina sharti moja: wawili hao hawaachwi pamoja bila mtu mzima anayewatazama, iwe siku ya kwanza au mwezi wa tatu.

Kabla mgeni hajaingia getini, hakikisha mwenyeji, yaani mbwa mkubwa wa nyumba, amekamilisha chanjo zake. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kuanzia umri wa miezi 3, haimkingi mbwa na parvo wala distempa, na magonjwa hayo mawili ya virusi yana chanjo yake ya mchanganyiko ambayo inabidi uiulizie. Mgeni naye apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema iwezekanavyo, apimwe uzito, apewe dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito huo, na aondolewe kupe kwa dawa inayofaa umri wake. Katika mkoa wa wafugaji kama wetu, dawa ya kuogeshea ng'ombe haikosekani, na wapo wanaoichanganya kwa kukadiria na kummwagia mbwa. Sikubaliani kabisa na desturi hiyo, kwa sababu dozi inayozidi kidogo tu inaweza kumuua mbwa wa kilo 2.

Baada ya hapo mtenge kwa siku 14. Parvo huanza kwa kutapika na kuharisha, mara nyingi kuharisha damu, na virusi vyake hudumu ardhini kwa miezi mingi, ndiyo maana stoo yenye sakafu ya saruji inafaa kuliko banda la udongo. Sakafu isafishwe kwa sabuni, kisha ipigwe jiki, kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji, na iachwe dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Weka kandambili za kuvaa humo stooni pekee, na kila asubuhi mhudumie mwenyeji kwanza, mgeni baadaye. Wiki hizo 2, hata hivyo, hazithibitishi kwamba mgeni hana kichaa, kwa kuwa ugonjwa huo unaweza kujificha mwilini kwa miezi. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyohiyo.

Mbwa mdogo sana hupoteza joto na nguvu upesi. Mpe chakula kidogo mara 4 kwa siku, na usiku mpatie boksi lenye khanga kuukuu, mbali na mlango unaopitisha upepo wa ziwani. Uji mzito au ugali laini wenye dagaa walioondolewa mchanga na kuchemshwa bila chumvi wala kitunguu utamtosha kwa kuanzia. Mapanki, yaani mabaki ya samaki walioondolewa minofu, ambayo mbwa wengi wa Mwanza wamekulia, asipewe, kwa sababu miba na mifupa yake humkwama au kumtoboa. Ukimwona analegea, anatetemeka na kuyumba, mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi na umwahishe kwa daktari, kwani huenda sukari ya mwilini imeshuka.

Wakati wa kutengwa, wafahamiane kwa harufu tu, na hilo lisubiri mpaka wiki ya kwanza ipite bila dalili ya ugonjwa. Mpe mwenyeji khanga aliyoilalia mgeni, uone anavyofanya: akiinusa na kuondoka, ni dalili njema, akiing'ang'ania na kuitikisa kwa kichwa, ongeza muda wa kuwatenganisha.

Siku ya kukutana, usimlete mgeni mbele ya mbwa aliyefungwa mnyororo. Nyumba zetu nyingi humfunga mlinzi mchana na kumfungulia usiku, naye huhesabu geti, banda na sufuria yake kuwa mali yake. Wakutanie nje, kwenye kiwanja kilichotulia, jioni jua likipoa, kila mmoja akishikwa na mtu wake, baada ya mwenyeji kutembezwa hadi mori upungue. Watembee upande mmoja wakiwa mbalimbali, kisha msogeane polepole, kamba zikiwa zimelegea, na mkutano wenyewe usizidi dakika 5.

Hapo mtazame mwenyeji usoni zaidi ya mkiani, kwa sababu mkia hutikiswa hata na mbwa aliyekasirika. Mdomo uliolegea na mwili unaopinda-pinda huonyesha utulivu. Mdomo ukifumbwa ghafla, mwili ukakakamaa, macho yakamganda mgeni bila kupepesa, geuka na mwenyeji uondoke hapohapo, hata kama hajanguruma. Mgeni naye asiruhusiwe kukimbia huku akilia, maana mwendo na sauti hiyo vinaweza kuamsha silika ya kuwinda kwa mbwa ambaye hajawahi kumgusa hata kuku. Kumnyanyua kifuani kwa hofu hakusaidii, kwani mkubwa atamrukia na kukuangusha.

Nyumbani wale mbalimbali, na mifupa iondolewe kabisa. Mgeni awe na mahali pake pa kujificha, kama tenga imara lenye mlango mwembamba usiopitisha kichwa cha mkubwa. Kabla ya mlinzi kufunguliwa usiku, mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo ahakikishe kwa macho yake kwamba mdogo yuko ndani na mlango umefungwa. Jukumu la watu wote hapa huishia kuwa la hakuna mtu. Mwenyeji naye asinyimwe matembezi yake wala muda wake wa kukaa na wewe.

Wakishikana, usiingize mkono kati yao; mmwagie mkubwa ndoo ya maji, kisha muwatenganishe kwa ubao au mlango. Mkubwa akionyesha dalili za kumwinda mgeni zaidi ya mara moja, mtafutie mdogo nyumba nyingine ya malezi.

Wakati wote huo andika daftarini tarehe za chanjo na dawa za minyoo, uzito wa kila wiki, chakula anachokubali, na jinsi alivyoishi na mwenyeji. Atakayemchukua akabidhiwe daftari hilo, na aelezwe waziwazi kwamba kuzoeana na mbwa mmoja mkubwa chini ya uangalizi hakumaanishi kwamba atakuwa salama kwa mwingine, hivyo kama naye ana mbwa, aanze upya taratibu zote za kuwakutanisha.