Ukingo wa Bustani ya Mvua Usikadiriwe kwa Jicho

Mkulima wa Kigoma anayechimba bustani ya mvua mtelemkoni, yaani shimo la kina kifupi lenye mimea linalopokea maji ya paa ili yazame ardhini, kisha akakadiria usawa wa ukingo kwa jicho, anachimba korongo. Kosa hili hurudiwa hata na waliokwisha kuelekezwa, kwa sababu mtu aliyesimama kwenye mwinamo huona kuwa pamenyooka mahali palipoinama.

Hesabu yake ni hii. Paa la bati lenye mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 25 hutoa lita 1,500 za maji. Bustani yenye urefu wa mita 5, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 15 huyapokea yote, mradi sakafu na ukingo viwe sawasawa. Ukingo ukishuka sentimita 10 upande mmoja, maji hufikia kina cha sentimita 5 tu kabla ya kupata pa kutokea, hivyo bustani hubakiza lita 500, na lita 1,000 hutoka mahali pamoja, zikiwa na nguvu kuliko zilipokuwa zimetawanyika uani. Tuta la ukingo hukatika hapo. Udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba, huteremka na mfereji hadi Ziwa Tanganyika, na tope lake hufunika miamba ya ufukweni ambako samaki wengi hula na kuzaliana.

Kifaa kinachohitajika ni mpira wa maji unaopitisha mwanga, ambao ukijazwa maji huonyesha usawa mmoja kwenye ncha zake mbili, uleule wanaoutumia mafundi ujenzi, na usiwe na povu la hewa hata moja ndani yake. Piga vigingi kila baada ya mita 1 kuzunguka bustani, weka alama ya usawa mmoja kwenye kila kigingi, kisha funga kamba. Tofauti isizidi sentimita 1. Tuta la upande wa chini lijengwe kwa tabaka za sentimita 10, kila tabaka lishindiliwe, hadi lifike sentimita 20 juu ya sakafu. Ndipo upime tena, kwa maana udongo ulioshindiliwa hushuka, na wengi hupima kabla ya kushindilia wakajiona wamemaliza. Sakafu yenyewe isikanyagwe, kwani ikigandamana maji hayazami.

Acha mdomo wa kutolea maji wenye upana wa sentimita 50, sentimita 15 juu ya sakafu, uupange mawe bapa na kuuelekeza kwenye nyasi, si kwenye shamba la jirani.

Uchimbaji ufanyike Septemba, udongo ukiwa mkavu, kwa kuwa jembe kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa huziba vinyweleo vyake. Mimea, iwe nyasi za vetiva au mchaichai, isubiri mvua ishike. Bustani ikae mita 3 au zaidi kutoka ukutani, na mita 15 kutoka chooni.

Maji yakizama ndani ya saa 48, bustani inafanya kazi, na mbu hawapati muda wa kukua.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza, rudi na mpira wa maji, pima tuta lote, na ujazie palipotitia kabla mvua nyingine haijanyesha.