Maiki moja, cheneli mbili, sauti isipasuke
Jamani nyinyi mnaorekodi maulidi hapa Lamu, msomaji akiwa taratibu mnafungua gaini yote (kile kitufe cha kukuza sauti inayoingia), halafu matari yakishika moto sauti inapasuka krr krr, na ikishapasuka hakuna programu itairudisha kama ilivyokua. Chukua maiki moja, igawe kwa waya wa Y iingie cheneli zote mbili za rekoda, kushoto gaini ya kawaida, kulia shusha desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), yani mawimbi yawe robo ya yale ya kushoto. Ile gaini ya kujirekebisha yenyewe zima kabisa, hiyo ndo mchawi. Nyumbani tumia ya kushoto, palipopasuka utaona kwenye skrini mawimbi yamekatwa bapa kama paa la nyumba ya mawe, toa kipande hicho bandika cha kulia ukipandishe desibeli 12 hizohizo. Kata pale wimbi linapopita sifuri, ule mstari wa katikati, la sivyo utasikia "tk". Biti moja ya rekodi ya kidijitali ni kama desibeli 6 za nafasi kati ya sauti ndogo na kubwa, kwaiyo umejiongezea biti mbili kwa waya tu. Na usiguse gaini katikati ya shughuli, mimi mtoto alinizungushia kitufe pale barazani, ile tofauti ya 12 ikapotea, nikabaki kupima kwa maskio usiku kucha 😅